Nani Alifunga Nyaya Hizi

Jina la Cheche alipewa na mjomba wake, siku alipoangusha spana juu ya betri ya lori na moto wa buluu ukaruka mpaka kwenye kope zake. Mjomba alimshika kidevu, akamwangalia kama macho bado yapo, kisha akakaa juu ya tairi akacheka mpaka machozi yakamtoka. "Basi wewe ndiye Cheche," alisema. "Haya, okota spana yako."

Alikuwa amefeli mtihani wa kumaliza shule, na mama yake, kwa kukosa la kumfanyia, alimpeleka gereji kwa kaka yake akae huko asizurure. Wasichana wenzake walikuwa kwenye cherehani. Yeye alilala chini ya dashibodi, tochi mdomoni, akifuata waya mmoja kati ya nyingi kama mtu anayetafuta chawa. Miaka ikapita, mjomba akazeeka, gereji ikabaki mikononi mwake. Taa za breki zikigoma, stata ikilia bila kushika, madereva waliambiana: mpelekee yule dada wa pale kwenye kona.

Alikuwa na kasoro moja, na mwenyewe aliijua. Akikasirika, hasemi. Wengine hupiga kelele, yakaisha. Yeye alifunga mdomo, akaenda kazini, akapika, akasalimia watu vizuri, na huku kinyongo kinakaa ndani kama maji kwenye mtungi. Mama yake alimwonya zamani: "Wewe mwanangu, ukinuna unanuna mpaka na kuta zinajua."

Mume alimpata palepale gereji. Alikuja na gari bovu la kazini, taa za mbele hazikuwaka, akasimama pembeni akimwangalia anavyofanya kazi bila kumsemesha, na hilo lilimpendeza. Alikuwa seremala kwenye kiwanja kidogo cha ndege nje ya mji, ndege zile za kunyunyizia mashamba dawa. Yeye ndiye aliyetengeneza mabawa ya mbao yaliyovunjika na kuyavalisha kitambaa, na marubani wa pale walimfundisha kurusha mpaka akapata leseni. Alipozungumza juu ya ndege, mikono yake haikutulia. Cheche alimsikiliza, akajikuta anatabasamu na koleo mkononi. Hawakukawia kuoana, na binti yao akazaliwa.

Kisha mwenye kiwanja akauza ndege zake, wafanyakazi wakarudishwa nyumbani. Watu wengine wangetafuta kazi ya kutengeneza milango na vitanda. Mume wa Cheche alijenga banda la mabati nyuma ya nyumba, akanunua michoro ya ndege ndogo ya viti viwili ya kujitengenezea mwenyewe, akaanza kuranda mbao.

Mtaa mzima ulicheka. Watoto wakitoka shule walipita njia ya nyuma ili wachungulie. Mwenye duka alimbandika jina la Kapteni, na likashika; hata mama yake mzazi akawa anamwita hivyo, kwanza kwa mzaha, baadaye kwa kujivuna. Nyumba ikala kwa mikono ya Cheche. Hakulalamika. Alipenda kurudi jioni na kumkuta mumewe ana vumbi la mbao kwenye nyusi, anaimba.

Siku moja alirudi akakuta moshi unatoka bandani. Kapteni alikuwa anapepea kwa kofia, uso umemshuka. Mwili wa ndege ulikuwa umesimama juu ya viunzi, na ndani yake nyaya zimepita huku na huku kama kuku wamechakura.

"Nini kimeungua?" Cheche aliuliza.

"Hata sielewi. Nimefunga kama gari."

"Kama gari vipi? Hasi umeipeleka wapi?"

"Kwenye bodi."

Cheche alipiga bodi kwa kiganja. Ilitoa sauti ya kabati. "Bodi hii ya mbao, mwenzangu? Umeme urudi betrini kwa kupitia mbao?"

Kapteni aliitazama ile bodi. Kisha midomo ikaanza kumcheza, na wote wawili wakacheka mpaka binti yao akaja kuuliza kuna nini. Usiku ule alimwambia mkewe, "Basi nisaidie. Mimi mbao naziweza. Umeme haunipendi."

Ndivyo Cheche alivyoingia kwenye ile ndege. Alianza kwa kung'oa kila kitu. Mumewe alikuwa ametumia waya wa nyumba, ule mgumu unaopita ukutani, na ganda lake likiungua linatoa moshi mweusi wa kukaba koo. Lakini Cheche naye hakujua mengi. Alizoea magari, na akafanya makosa ya magari. Alichomea maungio kwa risasi, ile ya kuyeyusha, yakang'aa, akajisifu. Akampelekea picha mzee mmoja aliyewahi kutengeneza redio za ndege pale kiwanjani, akitegemea kusifiwa.

Mzee alimpigia simu, akamwambia, "Vizuri. Sasa shika waya hapo ulipochomea, upinde mara nyingi nyingi."

Akapinda. Waya ukakatika pale pale risasi ilipoishia.

"Injini inatetemeka wakati wote," mzee alisema. "Risasi inaufanya waya ukakamae, na unapokakamaa ndipo unapokatika. Valisha nyaya vichwa vya chuma, uvibane kwa koleo lake. Na kuna jambo jingine, mama. Gari likitoa moshi, unasimama, unashuka, unawasha sigara. Kule juu hushuki."

Maneno hayo ya mwisho yalimkaa. Tangu siku hiyo alifanya kazi taratibu kuliko alivyowahi kufanya maishani. Kila kifaa alikipa waya wake wa kurudishia umeme, na zote akazileta mahali pamoja, kwenye kipande cha shaba alichokikaza karibu na betri. Kila penye bati lenye tundu alivisha kipete cha mpira, waya usije ukajikata kwa kusuguana. Nyaya alizipitisha mbali na bomba la mafuta, akazifunga kwa vibanio kila baada ya hatua fupi, zisicheze. Fyuzi aliziweka karibu na betri kabisa, kwa sababu waya usio na fyuzi ukiungua kabla ya kufika kwenye swichi, swichi haikusaidii kitu. Na kila waya akauvika kikaratasi chenye jina lake. Binti yao ndiye aliyeandika vile vikaratasi kwa mwandiko wa shule: taa, redio, mita ya mafuta.

Hiyo ndiyo miaka aliyoipenda. Jioni wakila bandani, sahani juu ya bawa ambalo halijavishwa, binti yao amejipenyeza mkiani anafanya hesabu zake za shule. Kapteni alikuwa anaonyesha kiti cha pili kwa kijiko. "Safari ya kwanza nitapaa peke yangu, maana kama ni kuanguka nianguke mwenyewe. Ya pili, wewe hapo."

"Nikitapika je?"

"Utatapika dirishani, uwatapikie wote waliotucheka."

Ikafika siku ya mkaguzi. Bila yeye kuridhika, ndege haiwezi kupewa kibali. Alikuwa mtu mrefu, mpole, mwenye miwani inayoning'inia kifuani, na akakagua kuanzia pangaboi mpaka mkia bila kuharakisha. Alivuta kamba, akagonga mbao, akauliza habari za gundi. Kisha akainamisha kichwa chini ya dashibodi na tochi yake, akakaa huko muda mrefu. Cheche alikuwa amesimama mlangoni na jagi la maji na glasi. Alingoja kama anayengoja matokeo ya mtihani ule wa zamani.

Mkaguzi akatoka, akavaa miwani. "Nimekagua ndege nyingi za kujitengenezea," alisema. "Nyingi ukifungua chini hapa unakuta kiota cha ndege. Hii ni safi. Nani alifunga nyaya hizi?"

Kapteni hakusita. Hilo ndilo lililomuuma Cheche baadaye kuliko jibu lenyewe, kwamba hakusita. "Mimi," alisema.

"Hongera. Umefundishwa wapi?"

"Nimejifunza mwenyewe tu, mzee. Vitabu."

Mkaguzi aligeuka, akamwona Cheche na jagi. "Na mama naye hongera kwa kumvumilia," akasema kwa tabasamu la wema, akapokea glasi ya maji.

Mgeni alipoondoka, Cheche aliosha glasi. Kapteni alimfuata jikoni. "Usinune sasa. Wangeanza kuuliza cheti chako, una cheti? Wangetukwamisha."

"Na wewe cha umeme unacho?"

"Mimi ndiye mtengenezaji, jina langu ndilo lililo kwenye maombi. Ni neno tu, mke wangu. Sisi si kitu kimoja?"

"Ungesema tulifunga."

"Basi nimekosea. Yaishe."

Cheche alikausha glasi, akaiweka kabatini.

Ndege ikafunguliwa mabawa, ikapelekwa kwenye kile kiwanja cha zamani, ikaruka. Walioshuhudia walikuwa wengi kuliko uwanja ulivyoweza kubeba. Hata mwenye duka aliyembandika jina alifunga duka akaja. Ilipoacha ardhi, Cheche alimshika binti yake begani. Hakutazama mabawa. Alitega sikio kwenye injini na akilini alifuata waya mmoja mmoja, wa redio, wa mita, wa alteneta, mpaka magurudumu yalipogusa tena. Watu wakambeba Kapteni juu juu. Mama mkwe akapiga vigelegele akaanguka kwa furaha, wakammwagia maji.

Safari ya pili akapanda mtu wa gazeti. Ilibidi, Kapteni alieleza, habari iandikwe. Ya tatu akapanda diwani. Kisha akapanda wifi yake Cheche, dada wa Kapteni, kwa sababu alikuwa anaondoka kesho yake kwa miezi michache. Zamu ya Cheche ilipofika kulikuwa na upepo. Siku nyingine mafuta hayakutosha. Baadaye Kapteni akang'oa kiti cha pili akaweka tangi la ziada, kwani alitaka kwenda mji mwingine kwenye maonyesho. "Nitakirudisha," alisema. Cheche alikibeba kile kiti akakiweka sebuleni, na wageni wakawa wanakikalia.

Baada ya gazeti kutoka, watu walianza kuja. Vijana waliosoma ufundi walitaka kufundishwa. Mfanyabiashara mmoja wa magodoro, mnene, mchangamfu, mwenye leseni ya urubani aliyoipata ukubwani kwa mapenzi yake tu, alitaka atengenezewe ndege yake. Banda likapanuliwa, kibao kikatundikwa mlangoni. Kapteni akawa na koti la kazi lenye jina lake kifuani, na sauti yake ikabadilika. Alianza kusema kama mtu anayehojiwa.

Siku moja Cheche alipita bandani akamkuta anawafundisha vijana kufunga umeme. Ameshika kifaa cha kuchomea, anachomea waya kwa risasi. "Mnaona inavyong'aa?" alikuwa anasema. "Hapa umemaliza. Haitoki milele."

Cheche alisimama. Alisema kwa upole, kwa kweli alisema kwa upole, "Baba, hiyo itakatika. Injini ikitetemeka, risasi inaukakamaza waya. Wabane vichwa vya nyaya kwa koleo."

Vijana waligeuka. Kapteni alimtazama, halafu akawatazama vijana, na kitu kikapita usoni mwake ambacho Cheche hakuwahi kukiona. "Asante, mama," alisema. "Hebu tuletee chai."

Kijana mmoja akacheka puani. Wengine wakainama.

Cheche alileta chai. Alimimina kikombe kimoja kimoja, akaweka sukari, akauliza nani anataka zaidi. Na kuanzia siku hiyo hakufungua tena mdomo juu ya nyaya. Kapteni aliuliza mara mbili tatu, kwa njia ya kuzunguka, kama angependa kuitazama ndege ya yule mtu wa magodoro. Alijibu kwamba gereji ina kazi nyingi. Na ilikuwa nazo.

Hata hivyo macho hayafungwi kwa urahisi kama mdomo. Alikuwa anaanika nguo uani alipomwona mumewe anaingia na mzingo wa waya begani, na akautambua toka mbali. Waya wa nyumba, ule ule mgumu. Yule mfanyabiashara alikuwa anaharakisha, waya wa ndege ulikuwa unachelewa kufika, basi. Kesho yake, mlango ukiwa wazi, alimwona anatoboa bati linalotenganisha injini na rubani, anapitisha waya mnene wa betri katika tundu, tupu, bila kipete. Na ule waya haukuwa na fyuzi.

Cheche alishika kibanio cha nguo mkononi. Maneno yalimfika mdomoni kabisa. Kisha akasikia ile sauti, tuletee chai, na kijana anacheka puani. Akajisemea: si anajua kila kitu, mwache. Akabana shati la mumewe kwenye kamba, akachukua beseni, akaingia ndani.

Mkaguzi mwingine, aliyelijua jina la Kapteni kwenye gazeti, aliipitia juu juu akatoa kibali, na ndege ya magodoro ikaruka vizuri kwa muda. Ilimaliza majaribio yake, mwenyewe akawa anaenda nayo huku na huku siku za mapumziko. Kisha asubuhi moja, juu ya mashamba ya mahindi, bati lilimaliza kula ganda la ule waya. Umeme wa betri ukakutana na chuma, na moshi ukajaa pale mbele. Alizima swichi kuu, kama alivyofundishwa. Haikusaidia, kwa kuwa waya ulikuwa unaungua kabla ya kufika kwenye swichi. Aliishusha ndege macho yanatoka machozi, bila kuona chini, ikapinduka katikati ya mahindi. Wakulima walimtoa kabla haijawaka yote. Nyonga ilivunjika, na mapafu yalikuwa yameunguzwa na moshi.

Kapteni hakutoka ndani muda wa siku kadhaa. Cheche alimpelekea chakula, akala kidogo, akamshika mkono. Alimwonea huruma, hilo lilikuwa kweli. Alijionea na aibu pia, aibu nzito iliyomfanya alale macho yakiwa darini. Alitaka kumwambia: niliona. Alikuwa anatafuta wakati wa kumwambia.

Jioni moja alirudi kutoka gereji akawakuta mama mkwe na wifi yake sebuleni. Kapteni amesimama dirishani. Alijua palepale kwamba kuna shauri limeshakatwa bila yeye.

"Kaa, mwanangu," mama mkwe alisema.

"Kuna nini, mama?"

Kapteni alisema bila kugeuka. "Watu wa mamlaka ya ndege wameniita leo. Wameuliza nyaya za ile ndege nani alifunga."

"Ukasema?"

Wifi akadakia, "Amesema ukweli wa siku zote, wifi. Kwamba fundi umeme wa pale ni wewe. Mtaa mzima unajua wewe ndiye fundi umeme."

Cheche alikaa. Kulikuwa na kile kiti cha ndege karibu, lakini hakukikalia. Alikaa juu ya kigoda. Alikuwa hana hasira bado. Alikuwa kama mtu aliyeguswa na umeme, ambaye mkono unakufa kwanza, maumivu yanafuata.

"Nilipofunga mimi, ulisema umefunga wewe," alimwambia mumewe. "Ulipofunga wewe, unasema nimefunga mimi."

"Nikikutwa na kosa, wananifungia kazi yote," Kapteni alisema. "Banda, vijana, kila kitu. Labda na jela. Wewe watakuonya tu. Huna leseni ya kunyang'anywa."

"Wewe ni mwanamke, hawawezi kukufunga," mama mkwe aliongeza, akamshika goti. "Nakuomba kama mama. Mwokoe mumeo. Ni neno moja tu, mwanangu, halafu maisha yanaendelea."

"Na yule mgonjwa hospitalini?"

"Yule ana mali," wifi akasema. "Atapona."

Kesho yake Cheche alivaa gauni lake la kutokea, akaenda kwenye ofisi ya mamlaka ya ndege. Chumba kilikuwa na meza ndefu na feni isiyozunguka. Nyuma ya meza, kati ya wengine wawili, alikaa mkaguzi yule yule mrefu. Mbele yake kulikuwa na mfuko wa plastiki wenye waya mweusi uliokunjamana kwa moto.

"Mama, tumewahi kuonana," mkaguzi alisema. "Ulinipa maji."

"Ndiyo, mzee."

"Mume wako ametuambia umeme wa ndege hii ulifunga wewe. Lakini mimi nakumbuka ile ya kwanza aliniambia alifunga yeye mwenyewe. Sasa nisaidie. Ni wewe au ni yeye?"

Cheche alikuwa amejiambia njiani majibu mengi. Mengine yalikuwa ya kumwokoa mumewe, mengine ya kumkomoa, na aliyapenda yote kwa zamu. Lakini aliyatazama mabaki yale ya waya, akaona hakuna hata jibu moja kati ya hayo linalomfaa yule mtu aliyeko hospitali.

"Ile ya kwanza nilifunga mimi," alisema. "Hii amefunga yeye."

"Una uhakika? Labda ulisaidia?"

"Sikusaidia. Nilimwona. Nilikuwa naanika nguo, nikamwona anapitisha huu waya kwenye bati bila mpira, na hauna fyuzi. Nilijua utakatika. Sikusema."

Mwanamke mmoja aliyekuwa anaandika alisimamisha kalamu. "Kwa nini hukusema, mama?"

"Tulikuwa tumegombana."

"Mligombana kuhusu nini?"

Alifikiria namna ya kulieleza. Chai. Kicheko cha puani. Lilionekana dogo mno kuwekwa juu ya meza ile kando ya waya ulioungua. "Mambo ya nyumbani," alisema.

Kapteni hakwenda jela, lakini alizuiwa kutengeneza ndege maisha yake yote, na kesi ya yule mfanyabiashara ikala banda pamoja na mashine. Ndege yake mwenyewe ilinyang'anywa kibali. Watu wa mamlaka walikuja kuichukua kwa lori, wakakata mabawa badala ya kuyafungua, ili ipite kwenye njia, na mafundi waliotumwa waling'oa nyaya kwa kuvuta, kwa kuwa hawakuwa na haja nazo. Cheche naye alipewa onyo kwa maandishi. Alilisoma lote. Halikuwa na uongo ndani yake.

Kapteni alihamia kwa dada yake. Hakumpiga wala hakumtukana, alikunja nguo zake kwa utulivu, na alipofika mlangoni akasema, "Ungeweza kusema tu kwamba hukufunga. Hata hilo la kuona umelisema. Ulitaka tuzame wote." Cheche alikuwa amejiuliza hilo hilo. Mama mkwe akaacha kuitikia salamu yake. Wakikutana sokoni, bibi yule alipinda akapitia upande wa mboga.

Alikwenda hospitali mara moja. Mfanyabiashara wa magodoro alikuwa amekonda, amelazwa na chuma mguuni, na mkewe alimpisha Cheche kiti kwa heshima, maana alisikia kwamba ndiye aliyesema ukweli. Mgonjwa alimgeuzia kichwa.

"Nimeambiwa uliona," alisema. Sauti yake ilikwaruza.

"Niliona, baba."

"Nilikuja pale kwenu kabla haijaruka. Ulinikaribisha chai."

"Ndiyo."

"Nikanywa, tukaongea habari za mvua." Alifumba macho. "Sina nguvu za kukutukana, mama. Nenda tu nyumbani."

Akaenda. Mke wa mgonjwa hakumsindikiza.

Gereji ilimpokea kama kawaida, kwani taa za magari hazijali habari za mtu. Kuna madereva walioacha kuja, na kuna waliokuja kwa udadisi tu, wakajifanya stata zao zina kasoro. Akawatengenezea hata zisizo na kasoro. Jioni nyumba ilikuwa kubwa mno. Binti yao, ambaye sasa alikuwa msichana mkubwa anayemaliza shule, alikaa kwa mama siku za masomo na kwa baba mwisho wa juma, akibeba begi lake bila kulalamika, na hilo la kutolalamika lilimtisha Cheche, maana alijua amelirithi wapi.

Ijumaa moja msichana alikuwa anakunja sare zake kitandani. Akasema, bila kumwangalia mama, "Baba anasema ungekuwa mke wa kweli ungenyamaza."

"Nilinyamaza," Cheche alisema. "Mtu akavunjika nyonga."

Msichana aliendelea kukunja. Alifunga zipu ya begi, akaifungua tena, akaifunga. "Na mimi hujaniambia kitu. Miezi yote hii. Nimesikia kwa watu wa shuleni."

Cheche alivuta pumzi. Kila kitu mwilini kilimwambia afunge mdomo, apeleke begi mlangoni, apashe chakula. Aliona jinsi ambavyo ingekuwa rahisi. Akakaa kitandani, kando ya begi.

"Uliza," alisema.

Binti alibeba begi, akaweka mkono kwenye kitasa. "Shangazi ananingoja njiani," alisema hatimaye, akatoka. Mama yake alisikia geti likifunguka na kufungwa, kisha sauti ya wifi ikimwuliza msichana kama amekula.

Cheche alibaki ameketi mpaka chumba kikaingia giza, ndipo akanyanyuka kuwasha taa.